Mifupa Isiyo na Wenyewe

Sisi watu wa pwani tukitajiwa mambo ya kale, jicho hukimbilia baharini. Gede twaijua na magofu yake. Takwa twaijua na kaburi lake la nguzo. Kilwa twaijua na sarafu za masultani wake. Tunazungumza kana kwamba historia ilishuka jahazini pamoja na tende na mazulia, ikapanda ufuoni, ikakoma pale inapokoma minazi. Bara, kwa wengi wetu, ni mahali pa kazi, pa biashara na pa baridi. Mwulize kijana wa Kibokoni au wa Langoni ni akina nani waliozikwa Nakuru miaka elfu mbili iliyopita. Atakutazama, kisha atakuuliza kama umekunywa chai.

Basi leo, ndugu msomaji, nataka nikuchukue bara, na nikupeleke makaburini. Usinichoke, kwani nina dai la kulitoa, na dai lenyewe linatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhania.

Safari yangu ilianzia Kihoto, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulioko Naivasha, kando ya ziwa. Wengi wa wakazi wake ni vibarua na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Ziwa lile limekuwa likivimba miaka ya karibuni. Mwaka 2020 liliingia majumbani, na mwaka 2025 likarudi tena, watu wakahama na magodoro vichwani, wengine wakatolewa kwa mashua. Nilipita kwenye nyumba ambazo alama ya maji imebaki ukutani, juu ya kimo cha mtoto. Jina la mtaa, Kihoto, ni la Kikuyu, na maana yake ni haki, au hoja ya haki isiyopingika. Jina zito kwa mtaa uliozama. Lakini watu wa Kihoto, pamoja na shida zao, wana midomo. Walisema na magazeti, walisema na wakubwa, walidai chakula na mahema. Aliye hai akihamishwa kwake hupiga kelele. Aliyekufa je? Swali hilo nililipanda nalo matatu, kilomita kama 70, hadi Nakuru.

Nje kidogo ya mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu ya Nairobi, kipo kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Pimbi ni yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, akaaye majabalini na kuota jua asubuhi. Juu ya kilima unaliona Ziwa Nakuru lote limetandazwa chini. Wajuzi wa miamba husema kwamba zamani za kale sana, maji yalipokuwa mengi kuliko leo, ziwa lile na lile la Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na kilima hiki kilitokeza majini kama kisiwa au rasi. Ukisimama pale huoni shida kuamini. Ufuo wa kale bado unaonekana, na mtu wa Lamu aweza kukionyesha kwa kidole mahali ambapo angefunga mashua.

Louis Leakey, mchimbaji mashuhuri wa mambo ya kale, ndiye aliyeitambua thamani ya kilima hiki mwaka 1926, alipokuwa akichimba mahali pengine pa makaburi karibu na hapo. Mkewe, Mary Leakey, ndiye aliyepachimba hasa, mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 pakatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Nyumba ya shamba iliyokuwa pale ilitolewa, na tangu mwaka 1965 imekuwa makumbusho. Ni nyumba ya kawaida tu ya mlowezi, yenye paa na veranda. Ukingojea jumba kubwa kama Fort Jesus utavunjika moyo. Lakini ingia kwa adabu, lipa kiingilio chako, kisha mwombe mwelekezi akutoe nje, kwa maana makumbusho ya kweli yako nje.

Kaburi liko ubavuni mwa kilima. Ni duara la mawe, limezungushiwa ukuta mdogo, na kando yake lipo jiwe bapa lililokuwa limeliziba. Waliolazwa humo walikunjwa, magoti yakaletwa kifuani, kama mtoto alalavyo tumboni mwa mama yake. Walikuwa wafugaji wa zama za mawe, watu wa ng'ombe na kondoo, waliokata nyama kwa visu vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Mahali hapo pana makaburi ya zama mbili. Haya ya wafugaji ndiyo ya kale, na mengine 19 ni ya watu wa zama za chuma waliokuja baadaye sana.

Jambo lililonisimamisha pale ni hili: katika yale makaburi ya kale, vyombo vya mawe vilizikwa pamoja na wanawake, si wanaume. Sahani za mawe, zilizochongwa kwa jasho na subira, ziliwekwa kando ya mama na bibi zao. Mwanamume alikwenda mikono mitupu. Wataalamu wana maelezo yao. Mimi, mtu wa pwani, niliwaza makaburi yetu ya nguzo, ambayo wazee wetu waliyapamba kwa kupachika bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina. Sisemi kwamba jambo moja lilitoka kwa jingine, la hasha. Yametengwa na miaka mingi mno na imani mbali mbali, na sahani ya pwani ilikuwa pambo la wazi ukutani, haikuzikwa pamoja na maiti. Lakini mkono uliochukua kitu kizuri cha nyumbani ukakipeleka kaburini kwa heshima, mkono huo naujua.

Nilisimama nikatafuta la kusema. Sisi tumefundishwa salamu ya kuwaamkia watu wa makaburini, lakini salamu ile ni ya Waislamu, na hawa walikufa kabla ya Mtume kuletwa, tena mbali na mtume yeyote tumjuaye. Wanavyuoni wetu wamewazungumza watu wa namna hii, watu wa baina ya mitume, ambao ujumbe haukuwafikia. Qur'ani imetufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka awe ametuma mjumbe. Basi hukumu yao iko kwa Mola wao, si kwangu. Nilinyamaza, nikavua kofia ya jua, nikakumbuka mauti, kwani ziyara ya makaburi imeruhusiwa kwetu kwa ajili hiyo hasa, na kwa kazi hiyo kaburi lolote latosha.

Upande mwingine wa kilima yako mashimo mapana yaliyoota majani, ambayo huitwa mashimo ya Wasirikwa. Zamani yalidhaniwa kuwa mahandaki ya kulala watu. Baadaye ikadhihirika kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyozungushiwa ua, na nyumba zikijengwa ubavuni. Umri wake ni karne chache tu. Sitakaa hapo, maana mwelekezi alikuwa na lingine la kunionyesha, na alijua litanikamata.

Ni bao. Naam, bao hili hili la kete, limechongwa katika mwamba wenyewe, mashimo kwa safu, yaliyolainika kwa vidole vya watu wasiohesabika. Nilichutama nikatia kokote mbili tatu. Hapo kilimani pia zilipatikana sarafu za Kihindi, na mojawapo husemwa kuwa ina umri wa karne tano, ingawa nyingine ni za karne ya 20 na pengine zilianguka mfukoni mwa mtu wa juzi tu. Sitajenga ghorofa juu ya sarafu moja. Lakini lile bao halikuhitaji sarafu. Mzee wa Siyu angelikaa pale na mzee wa Nakuru wa miaka 300 iliyopita, hawajui neno hata moja la kuambizana, na kabla ya adhuhuri mmoja wao angekuwa amefungwa.

Kutoka kilimani, habari za wafu zinaelekea magharibi, kwenye miteremko ya Mau. Katika bonde la mto Njoro lipo pango ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Si pango la starehe wala la kutalii. Ni kinga ya mwamba juu ya mto. Humo walipatikana watu wapatao 80, wamezikwa kwa muda wa vizazi, takriban miaka 3,000 iliyopita. Na hawa hawakuzikwa kama tuzikavyo. Walichomwa moto.

Najua neno hilo linavyoingia sikioni mwa Muislamu. Kwetu maiti huoshwa kwa maji vuguvugu, hupakwa manukato, huteremshwa taratibu, na anayeteremsha huambiwa apunguze nguvu kana kwamba aliyelala atashtuka. Moto hatuupeleki karibu na maiti. Lakini tazama jinsi watu wa Njoro walivyoufanya. Kila mmoja aliwekewa bakuli lake la jiwe, mchi wake na jiwe lake la kusagia. Maiti zilipakwa udongo mwekundu. Shingoni zilivishwa shanga, na katika mamia ya shanga zilizookotwa zimo za mawe ya jamii ya akiki, yale yale ambayo wazee wetu huyavaa katika pete. Na moto ule ule ulioteketeza miili ndio uliovihifadhi vitu ambavyo udongo ungekwisha kuvila. Vikapu vilivyosukwa, kamba, vibuyu, hata chombo cha mti kilichonakshiwa, vyote viligeuka makaa, na makaa hayaozi. Msusi wa mkeka wa Pate akiuona msuko ule atautambua kuwa ni wa mtu aliyeijua kazi yake.

Hawa si washenzi. Neno hili nalisema waziwazi kwa sababu lingali mdomoni mwetu pwani, tunalitupa bara kama mtu atupaye maganda ya chungwa, bila kutazama linaangukia wapi. Mtu anayetumia siku nyingi kutoboa akiki kwa jiwe, kisha akaivisha maiti na kuiachia moto, ana mapenzi, ana huzuni na ana dini, hata kama dini hiyo si yetu na hatuikubali.

Sasa nije kwenye dai langu.

Nilimwuliza mwelekezi: mifupa yenyewe iko wapi? Kaburi nililolitazama ni tupu. Mabaki ya watu waliofukuliwa zamani hizo huhifadhiwa, sehemu kubwa, katika maghala ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Walitolewa wakati wa ukoloni, kilima kikiwa shamba la mlowezi, na mwenyeji hakuwa na kauli juu ya kilichofukuliwa. Wamelala huko tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Sikuona popote pale kilimani kibao kimwambiacho mgeni kwamba waliokuwamo humu ni watu, na kwamba leo wako mahali fulani.

Sisemi kwamba elimu haikupata kitu. Ilipata. Mwaka 2019 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi, za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, na miongoni mwao walikuwamo wa Hyrax Hill, wa pango la Njoro, na hata wa Naivasha yenyewe. Walipata ruhusa ya wenye mamlaka kama sheria inavyotaka. Wakabaini kwamba wafugaji wale wa kwanza walikuwa mchanganyiko wa watu waliotoka kaskazini mashariki ya Afrika, watu wa pande za Sudan, na wawindaji waliokuwa wenyeji wa hapa. Hiyo ni elimu yenye faida. Inatwambia kwamba hata zamani hizo hapakuwa na damu moja iliyosimama peke yake, na mwenye kujigamba kwa asili safi ana kazi ya kufanya.

Lakini sasa ulinganishe na yetu. Mwaka 2023 wataalamu walitoa uchunguzi kama huo juu ya watu wa pwani, kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Bila shaka uliusikia, maana maskani zilichemka mwaka ule: nani Mshirazi, nani si Mshirazi. Katika kelele hizo jambo moja lilipita bila kuzingatiwa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyeongoza kazi ya kuchimba, ameeleza kwamba alitumia muda mrefu kujenga imani na wenyeji, akapata ridhaa yao, na kwamba kufukua, kuchukua sampuli na kuzika tena kulimalizwa ndani ya msimu mmoja. Mifupa ya wazee wetu ilirudi mchangani. Kwa nini? Kwa sababu ina wenyewe. Kwa sababu yeyote anayegusa kaburi la Muislamu pwani anajua kuna mtu atakayeuliza.

Wafu wa Nakuru hawana mtu wa kuuliza. Miaka 3,000 ni mingi, makabila yamepita na kupitana, na kwa uchunguzi ule ule wa vinasaba hakuna kabila moja liwezalo kusimama leo na kusema hawa ni wangu peke yangu. Hoja hiyo hutumiwa kuthibitisha kwamba basi hapana haja ya kuwarudisha. Kwangu mimi hoja hiyo yaelekea upande wa pili. Mtoto asiye na wazazi haachwi barabarani kwa kuwa hana wazazi. Huyo ndiye jamii nzima inayowajibika naye. Na maiti wa kuokotwa, asiyejulikana jina wala ukoo, tunajua vizuri nani humpeleka makaburini pwani. Hatungojei ndugu zake watokee.

Najua atakayenijibu: hawa si Waislamu, wanatuhusu nini? Namkumbusha kisa kilichothibiti katika hadithi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, lilipita jeneza naye akasimama. Akaambiwa ni jeneza la Myahudi. Jibu lake lilikuwa swali: je, huyo si nafsi? Wako waliofasiri kisa hiki kwa njia nyingi, lakini hakuna aliyeweza kulifuta lile swali. Nalo ni swali linaloweza kuulizwa mbele ya sanduku la ghala kama lilivyoulizwa mbele ya jeneza.

Atatokea mwingine, msomi, aseme kwamba mifupa ikizikwa elimu ya kesho imezikwa nayo, kwa sababu vyombo vya uchunguzi vinazidi kuwa vikali kila mwaka. Hoja hii ina uzito, na simdharau aisemaye. Lau mifupa ile ingezikwa mwaka 1938, tusingejua tuliyoyajua mwaka 2019. Hata hivyo, pwani tumeonyeshwa kwamba sampuli huchukuliwa na mwili ukarudi. Na kama ni lazima mabaki yakae zaidi, yapo mambo ya adabu yasiyozuia elimu hata chembe. Idadi yao iandikwe pale walipotolewa, isomwe na kila mgeni. Wazee wa Bonde la Ufa, wa makabila yote yanayoishi huko leo, waketishwe pamoja na kuulizwa, si kwa kuwa wamethibitisha nasaba, bali kwa kuwa wao ndio majirani wa kaburi. Itajwe pia siku ya kuwarudisha, hata kama siku hiyo ni ya mbali.

Na sisi wa pwani tuna nafasi ya kusema katika jambo hili, bila kujipa ukubwa. Hakuna watu katika nchi hii walio na mazoea marefu zaidi ya kudai makaburi yao, na ya kugombana na wenye kuyajengea maduka. Sauti hiyo tumeizoea kwa ajili yetu. Ikisikika Nakuru kwa ajili ya watu wasiotuhusu kwa damu wala kwa dini, itakuwa na nguvu ambayo sauti ya mwenye kudai chake haina.

Waalimu wa madrasa na wa shule za Mombasa hupeleka watoto Gede kila mwaka, na ni vyema. Gari moshi la siku hizi hukufikisha Nairobi kwa saa tano hivi, na kutoka hapo Nakuru si mbali. Watoto wakione kilima, wacheze lile bao la mwamba, kisha waketi kimya kando ya kaburi tupu na waulize maswali yao wenyewe. Mji wa Nakuru umepanuka hadi unakikaribia kilima, na kila penye mji kuna mwenye jicho la kiwanja.

Mimi nimeandika barua kwa wahusika wa makumbusho, na nimeuliza mambo mawili tu: watu wangapi waliotolewa Hyrax Hill na Njoro bado wako maghalani, na kama pameandikwa popote mpango wa kuwarudisha. Jibu litakapofika, litachapishwa katika ukurasa huu kama lilivyo.